Mtoto ni Nani? Neno Moja katika Mikataba Miwili

Mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Walukuba, Jinja, aliulizwa darasani: "Mwalimu, mtu wa miaka 17 anayeanika mukene kule Masese ni mtoto?" Akajibu "Ndiyo," akaendelea na somo.

Katika Kiswahili cha kila siku mtoto ni wa mtu. Hata mwenye mvi ni mtoto wa mamaye. Mikataba huhesabu miaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unaeleza katika ibara ya 1 kwamba mtoto ni kila binadamu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria inayomhusu inapompa utu uzima mapema zaidi. Wanafunzi wengi wanapoitafsiri ibara hiyo huliacha hilo "isipokuwa", wakidhani ni pambo la wanasheria. Sivyo. Nchi ambayo sheria yake humhesabu binti kuwa mtu mzima mara aolewapo huweza kujitetea kwa neno hilo hilo.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990 na kuanza kutumika 1999, haukuliweka. Ibara ya 2 inakomea kwenye miaka 18, na ya 21 inakataza ndoa chini ya umri huo. Uganda iliuridhia mwaka 1994. (Kuridhia si kutia sahihi: Marekani iliutia sahihi ule mkataba wa 1989 mwaka 1995, na hadi leo haijauridhia. Tuyatenganishe maneno haya tunapofundisha.)

Turudi Masese. Kwa mkataba wa Afrika, ambao ibara yake ya 15 inamkinga mtoto na kazi za hatari, na kwa Sheria ya Watoto ya Uganda, yule wa miaka 17 ni mtoto. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 34, inapowakinga watoto dhidi ya kunyonywa na dhidi ya kazi hizo hizo, inasema kwamba kwa shabaha hiyo watoto ni walio chini ya miaka 16. Basi kwa ndoa kijana huyo ni mtoto. Kwa kazi, Katiba imekwisha kumtoa utotoni.

Jibu la mwanafunzi wetu lilikuwa nusu. Aliyeuliza, tuliambiwa baadaye, alikuwa na miaka 17, na Jumamosi zake zote zilikuwa za Masese.