Gretzky au Ovechkin, Nani Kinara wa Magoli? Maswali 5 Kuhusu Rekodi za Hoki na NFL

Ukiuliza nani amefunga magoli mengi zaidi kwenye hoki ya barafuni, mmoja atakwambia Wayne Gretzky, mwingine Alex Ovechkin. Ukiuliza Cleveland Browns na Baltimore Ravens ni timu moja au mbili, ubishi unaanza upya. Haya hapa ni majibu kwa ufupi.

1. Nani ana magoli mengi?

Ni Ovechkin. Gretzky alistaafu mwaka 1999 akiwa na magoli 894 kwenye ligi ya NHL. Tarehe 6 Aprili 2025, Ovechkin wa Washington Capitals alifunga la 895 dhidi ya New York Islanders. Cha kushangaza, ilikuwa mechi yake ya 1,487, idadi ileile ya mechi ambazo Gretzky alicheza NHL.

2. Mbona wengine wanasema Gretzky ana magoli zaidi ya 1,000?

Nao hawajakosea. NHL huhesabu mechi za msimu wa kawaida peke yake na zile za mtoano peke yake. Gretzky alifunga 122 kwenye mtoano, hivyo ukijumlisha unapata 1,016. Siku anavunja rekodi, Ovechkin alikuwa bado hajafika 1,000 kwa hesabu hiyo. Pia Gretzky alianzia ligi nyingine, WHA, iliyokufa mwaka 1979. Magoli ya huko NHL haiyahesabu kabisa.

3. Pointi ni kitu gani?

Goli moja ni pointi moja, na pasi ya goli nayo ni pointi moja. Kwenye hoki, goli moja linaweza kutoa pasi za goli mbili, yaani wachezaji wawili wa mwisho waliogusa kisahani (puck) kabla ya mfungaji wote wanapata. Gretzky ana pasi za goli 1,963 na jumla ya pointi 2,857. Ukimfutia magoli yake yote, bado anaongoza, maana anayemfuata, Jaromir Jagr, ana pointi 1,921. Kwa hiyo Ovechkin ni kinara wa magoli, lakini kwa pointi Gretzky hajaguswa.

4. Browns na Ravens ni timu moja?

Hapana, ingawa wachezaji walikuwa walewale. Kwenye futiboli ya Marekani (NFL), mmiliki wa Browns, Art Modell, alitangaza mwaka 1995 kwamba anaihamishia timu Baltimore. Mashabiki wa Cleveland walikuja juu na jiji likaenda mahakamani. Mwisho wakakubaliana: Modell aondoke na wachezaji, lakini jina, rangi na historia vibaki Cleveland. Ravens wakaanza mwaka 1996 kama timu mpya, Browns wakarudi uwanjani 1999. Ndiyo maana ubingwa wa NFL wa 1964 ni wa Browns, na Ravens hawaudai.

5. Je, kila timu ikihama huacha historia yake?

La. Miaka 12 kabla, Baltimore yenyewe ililizwa. Usiku mmoja wa Machi 1984, timu ya Colts ilipakiwa kwenye malori ikahamia Indianapolis na kila kitu chake, historia ikiwemo. Hadi leo takwimu za Johnny Unitas zinahesabiwa kuwa za Colts wa Indianapolis, mji ambao hakuwahi kuuchezea. Unitas hakufurahia jambo hilo na alijiona mtu wa Baltimore hadi alipofariki 2002.

Kwa hiyo ukiona namba mbili zinagongana, usikimbilie kusema moja ni ya uongo. Uliza kwanza: mtoano umo? Ni ligi gani? Na timu ilipohama, nani alibaki na historia? Mashabiki wa Cleveland waliipigania ya kwao wakaipata. Wa Baltimore waliamka asubuhi malori yameshaondoka.