Maji Unayomwagilia Sukuma Wiki, Yamepimwa?

Ndugu mkulima, kama una kishamba kando ya Mto Nairobi huko Njiru, au bustani ya nduma nyuma ya Kayole karibu na Mto Ngong, nakuandikia wewe. Na kama huna shamba bali wanunua mboga zako sokoni Kariobangi, soma pia, maana mboga hizo huishia katika sufuria yako.

Kila mtu wa Eastlands ayajua maji haya. Mto Nairobi hupita mjini, hupokea Mto Mathare upande wa Korogocho, hupita ubavuni mwa jaa la taka la Dandora, kisha hukutana na Mto Ngong huko Njiru. Kila mtaa huongeza chake. Huko Maili Saba, tangu kabla ya mwaka 2000, wakulima wamekuwa wakiziba bomba kuu la maji machafu ili yafurike mashambani, kabla hayajafika katika mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai. Watu hao si wajinga. Maji hayo hayakauki wakati wa kiangazi, tena yana naitrojeni na fosforasi, ambavyo ni vyakula vile vile vya mmea unavyovinunua ndani ya gunia la mbolea. Sukuma wiki hutoa majani mapana ya kupendeza, na mkulima akiyatazama husema, "Maji haya ni mazuri."

Lakini mmea hauugui minyoo, wala hauharishi. Jani linaweza kunawiri kwa maji yatakayomlaza mtoto hospitali. Kwa hiyo jani si shahidi, na hata jicho lako si shahidi. Anayeweza kutoa ushahidi ni yule bwana wa maabara, na yeye naye hutegemea chupa uliyomletea.

Hapo mimi mwenyewe nilipata kuaibika. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na zamani nilisomea ualimu, basi nilijiona najua. Nilichota maji ya mto kwa chupa ya soda, nikapanda nayo matatu asubuhi, nikapitia shughuli zangu mjini, nikafika maabara saa kumi alasiri. Yule bwana aliitazama chupa, akaigusa, akaniuliza, "Mzee, umeniletea maji ya mto au chai?" Ilikuwa ya moto kwa jua. Vijidudu vilivyokuwamo vingine vilikuwa vimezaana, vingine vimekufa, na sukari ya soda imeingia katika hesabu. Aliyamwaga mbele yangu.

Kisha akanionyesha jinsi wanavyopima oksijeni iliyomo ndani ya maji. Njia hiyo aliieleza Bwana Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, na hata leo hutumika. Chupa ya kioo hujazwa pomoni, pasibaki hata povu moja la hewa. Hutiwa dawa ya madini ya manganisi, kisha dawa ya magadi makali yenye aidini. Maji yakiwa na oksijeni, hutokea utando wa rangi ya kahawia kama mashapo ya kahawa. Yasipokuwa nayo, utando huwa mweupe. Baadaye hutiwa asidi, maji huwa ya manjano, na dawa nyingine hudondoshwa tone kwa tone kutoka mrija wenye alama. Karibu na mwisho huongezwa uji mwepesi wa wanga, na maji hugeuka buluu. Tone la mwisho huiondoa buluu hiyo ghafula. Idadi ya matone ndiyo hesabu ya oksijeni. Ningalikuwa bado nafundisha, ningaliwapeleka watoto wote wa darasa wakaone.

Kwa nini kuihesabu? Kwa sababu vijidudu vinavyoozesha uchafu huvuta oksijeni kama sisi. Maabara hupima oksijeni ya siku ya kwanza, hufunga chupa nyingine ya maji yale yale gizani kwa siku 5 katika joto la digrii 20, kisha hupima tena. Iliyopotea ndiyo iliyoliwa. Katika karatasi ya majibu utaona herufi B.O.D. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kwamba maji machafu yanayoachiwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita. Maji ya chooni na jikoni ambayo hayajasafishwa huwa na 200 na zaidi. Nasi wa Nairobi tuna shida moja ambayo watu wa Mombasa hawana: tuko juu, hewa ni nyepesi. Katika digrii 20 maji ya pwani yaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, lakini yetu hushika kama 7 na nusu tu. Mto wetu huanza na akiba ndogo. Ikiisha, maji huwa meusi na kunuka mayai mabovu, na samaki hapati pa kukaa.

Hata hivyo, nakuambia kwa maoni yangu, wewe mkulima usianze kwa kuulizia hiyo B.O.D. Uchafu unaooza ni samadi kwa udongo wako. Ulizia kwanza vijidudu vya kinyesi na mayai ya minyoo.

Vijidudu huchujwa kwa karatasi laini sana, na karatasi hiyo hulazwa juu ya chakula chao katika joto la digrii 44 hivi kwa siku nzima. Kila kijidudu hai huzaa mpaka kuwa doa linaloonekana kwa macho, na madoa huhesabiwa. Mayai ya minyoo hutafutwa kwa kuyatuliza maji, kuyazungusha kwa mashine ili mashapo yashuke, na kutazama kwa hadubini. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1989 kwamba maji ya kumwagilia yasizidi vijidudu 1,000 katika mililita 100, wala yai 1 katika lita, na kanuni zetu za mwaka 2006 zilifuata vipimo hivyo. Maji machafu ya bomba huwa na vijidudu mamilioni katika kipimo hicho hicho. Na yai la mchango ni sugu, laweza kukaa udongoni miaka na bado likawa hai.

Jiko lako huua vijidudu na mayai. Risasi haiuliwi na moto. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza uchunguzi uliofanywa kando ya jaa la Dandora: kati ya watoto 328 waliopimwa damu, nusu walikuwa na risasi kupita kiasi. Basi aliye na shamba karibu na jaa, au chini ya karakana za betri na rangi, asipime maji peke yake. Apime na udongo, kwa kuwa madini hayo hujikusanya humo mwaka baada ya mwaka.

Pengine utauliza, "Majibu yakiwa mabaya, niache kulima?" Ikiwa ni risasi, ndiyo, acha mboga za majani mahali hapo. Ikiwa ni vijidudu na minyoo, kuna la kufanya. Chimba shimo, maji yatulie, uchote ya juu bila kutibua, mayai huzama. Mwagilia shinani, si juu ya majani. Acha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kuwa jua huua vijidudu vingi kila siku. Au panda majani ya ng'ombe. Na vaa buti, maana minyoo mingine huingia kwa nyayo.

Maabara ya udongo ya KALRO huko Kabete hupima udongo na maji ya kumwagilia. Kabla ya kuchota, uliza kila kipimo bei yake, na uombe chupa zao, kwa kuwa ya vijidudu huchemshwa kwanza, na ya madini hutiwa asidi. Chota katikati ya mkondo, mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka. Ifunge ndani ya barafu, ifike kabla ya saa 6 kupita. Mahali, tarehe na saa ya kuchota viandike kwa penseli, maana chupa baridi hutoa jasho na wino hufutika.