Kiitaliano: Namna ya Kueleza Mambo Yaliyopita

Njia ya Umbwe ya kupandia Mlima Kilimanjaro huanzia huku kwetu Kibosho, na miongoni mwa wageni wapandao mlima wamo Waitaliano. Mwanafunzi atakaye kuwaongoza yafaa ajue kuwaeleza mambo yaliyopita kwa lugha yao. Kazi hiyo si ngeni, maana sisi nasi twatofautisha “alikuwa akilima” na “alilima”.

Wakati wa kwanza ni wa hali iliyokuwapo, au jambo lililokuwa likiendelea. Ondoeni -re mwishoni mwa kitenzi, kisha wekeni -vo (mimi), -vi (wewe), -va (yeye), -vamo (sisi), -vate (ninyi), -vano (wao). Basi parlare, yaani kusema, huwa parlavo, nilikuwa nikisema. Lakini essere, yaani kuwa, hakifuati kanuni hii: ero, eri, era, eravamo, eravate, erano. Sifa nazo hufuata jina, kama katika ngeli zetu: il sentiero era stretto, njia ilikuwa nyembamba, la neve era bianca, theluji ilikuwa nyeupe.

Wakati wa pili ni wa tendo lililotokea likaisha. Huundwa kwa avere au essere pamoja na umbo jingine la kitenzi: ho parlato, nilisema, siamo arrivati, tulifika.

Tazameni historia yetu: Mangi Sina era potente. Nel 1891 i tedeschi hanno attaccato Kibosho. Maana yake: Mangi Sina alikuwa na nguvu. Mwaka 1891 Wajerumani waliishambulia Kibosho. Nguvu ni hali. Shambulio ni tendo.

Msidhani tofauti hii ni ndogo. Huko juu hewa ni nyepesi, na mtu akiugua kwa sababu hiyo aweza kufa asiposhushwa upesi. Tuseme kiongozi anamweleza daktari Mwitaliano habari za mgonjwa. Akisema Stava male quando siamo arrivati, maana yake tulipofika kambini alikuwa mgonjwa tayari. Akisema È stato male quando siamo arrivati, maana yake aliugua baada ya kufika. Daktari hutaka kujua ugonjwa ulianzia wapi, na herufi chache tu zaweza kumpoteza.

Sasa jaribuni: “Mvua ilikuwa ikinyesha tulipofika.” Kunyesha ni piovere.

Jibu: Pioveva quando siamo arrivati.