Mafunjo na Nduguye wa Majani Mapana

Ndago, gugu linalomsumbua mkulima wa Misikhu, magharibi mwa Kenya, katika shamba la mahindi, lina ndugu wakubwa wanaoishi majini, na wawili kati yao huchanganywa kwa kuwa wengi huiita mimea yote ya aina hiyo nyasi za kinamasi. Mmoja ni mafunjo, yaani Cyperus papyrus. Mwingine ni Cyperus latifolius. Ni wa jenasi moja, ambayo ni kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, na shina la yeyote kati yao likikatwa kwa panga huonekana lina pembe tatu, wala si mviringo wenye mafundo kama wa tete.

Mafunjo hufikia kimo cha mita 4 au 5. Shina lililokomaa halina majani ila magamba penye kitako, hivyo kazi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua hufanywa na shina lenyewe la kijani pamoja na shungi la nyuzi nyembamba lililo kileleni. Ndani mna kiini cheupe, laini, chenye vijitundu vingi vya hewa, ambacho Wamisri wa kale walikichana vipande vyembamba, wakavipanga safu mbili zilizokingamana na kuvigandamiza hadi vikawa karatasi. Nduguye ni mfupi zaidi, majani yake mapana hutoka chini kwa wingi, na kingo zake hukwaruza mkono. Nchini Rwanda majani hayo husukwa mikeka.

Lakini tofauti yenye uzito kwa mkulima ni ya maji. Mafunjo hutaka maji ya kudumu, na rizomu zake, yaani mashina yanayotambaa mlalo, husokotana zikawa tabaka linaloweza kuelea, kama katika kinamasi cha Yala na ufukoni mwa Ziwa Victoria, ambako Mto Nzoia humwaga maji yake. Nduguye huvumilia bonde linalofurika wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Kwa sababu hiyo hufyekwa mapema kupisha nduma na sukumawiki, ingawa ndiye anayenasa udongo unaoporomoka kabla haujafika mtoni. Kenya ilitunga kanuni za kulinda ardhi oevu mwaka 2009, ila kanuni hazifyeki wala hazipandi. Anayetaka kulima bondeni na autazame kwanza mmea uliopo: penye mafunjo asichimbe mtaro, na penye nduguye auache ukanda wa kutosha kando ya mto.