Si Mkono Uliozeeka, ni Jicho: Miwani kwa Wapenzi wa Bastola

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya bastola ya upepo, yeye na mwenzake wa kike, akiwa na miaka 51. Picha yake ilizunguka dunia: mkono mmoja mfukoni, macho yote mawili wazi, usoni miwani ya kawaida. Hapo hapo Paris alikuwepo Nino Salukvadze wa Georgia, mama wa miaka 55, akishiriki Olimpiki yake ya 10. Ya kwanza ilikuwa Seoul mwaka 1988, alipochukua dhahabu.

Nawataja hawa wawili kwa ajili ya wazazi wetu huku ughaibuni wanaopenda kulenga shabaha siku za mapumziko. Wakipita miaka 45 hivi alama zao huanza kushuka, na wengine huacha kabisa wakisema, "Mkono umezeeka." Mara nyingi mkono hauna kosa. Kilichobadilika ni jicho.

Kinachotokea ndani ya jicho

Ndani ya jicho mna lenzi laini. Ukitazama kitu cha karibu, misuli midogo huifanya itune ili kitu kionekane vizuri. Miaka inavyosonga lenzi hukakamaa, na kuanzia miaka 40 na kitu, mtu hujikuta akisogeza simu mbali ili asome ujumbe. Huu si ugonjwa. Kila mwenye kujaliwa umri atafika hapo.

Mwenye bastola ana vitu vitatu vya kutazama: pengo la nyuma ya bastola, kinundu cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, na karatasi ya shabaha iliyo mita 10 mbele. Hakuna jicho linaloona vyote vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Kijana huhama haraka kutoka kimoja hadi kingine, hata hahisi tofauti. Mtu mzima hana budi kuchagua.

Chagua kinundu cha mbele. Sababu ni hesabu tu. Kama urefu kutoka pengo la nyuma hadi kinundu ni sentimita 30 hivi, kinundu kikikaa pembeni kwa milimita 1, risasi itakosea kwa zaidi ya sentimita 3 kwenye karatasi. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Karatasi ikionekana na ukungu kidogo, bado unaweza kulenga katikati ya weusi wake. Kinundu kikiwa na ukungu, umepotea.

Miwani ipi?

Miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, kwa hiyo kinundu kilicho mbele ya mkono ulionyooshwa kiko mbali mno nayo. Miwani yenye namba tofauti juu na chini hukulazimisha kuinua kidevu, na shingo huchoka. Inayofaa zaidi ni miwani ya namba moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya kinundu.

Simama kama unavyosimama siku zote, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa, kisha mwenzako apime kwa futi kamba kutoka jichoni hadi kwenye kinundu. Mpelekee mpimaji wa macho namba hiyo. Bastola iache mahali pake. Usiibebe kwenda kliniki hata kwa nia njema. Wapimaji wengi huanza kwa kuongeza +0.50 au +0.75 juu ya namba yako ya mbali, kisha hurekebisha. Jicho lisilolenga usilikunje, maana uso mzima utakakamaa. Lizibe kwa kikaratasi cheupe kinachopitisha mwanga. Na lenzi ziwe za plastiki ngumu ya kinga, au vaa miwani ya kinga juu yake, kwa kuwa vipande vya risasi huweza kurudi nyuma.

Usiikimbilie miwani kabla ya kupimwa

Hapa nasema kama muuguzi. Si kila ukungu ni wa umri. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho huvimba na namba ya miwani hubadilika. Itulize sukari kwanza ndipo ununue miwani. Mtoto wa jicho hufanya taa zing'ae kupita kiasi. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uoni wa pembeni polepole bila maumivu, na watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Kwa hiyo omba uchunguzi kamili wa macho, usiridhike na kupimwa namba peke yake. Ukiona mimweko ya ghafla, kama pazia linashuka, au jicho likiuma na kupoteza nuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria za ugenini

Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi za risasi mwaka 1997, baada ya mauaji ya Dunblane, ndiyo maana klabu nyingi hutumia bastola ya upepo. Scotland hata hiyo inahitaji kibali. Marekani, sheria ya shirikisho inawazuia wengi wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, kushika bunduki au risasi, hata za kukodi uwanjani, isipokuwa kwa ruhusa chache maalumu. Mwanafunzi akialikwa na marafiki aulize kwanza. Viza yake ina thamani kuliko mchezo wa saa moja.

Basi baba au mama akisema mkono wake umekwisha, msimkubalie upesi. Mpelekeni apimwe macho. Huenda akarudi na miwani mipya na alama zake za zamani. Na kama kuna ugonjwa unaonyemelea, mtakuwa mmeuwahi.