Furaha Haingoji Vita Viishe

Wageni wanaopita Bukavu, mashariki mwa Kongo, wana maneno wanayoyapenda: watu hawa hawana kitu, lakini wana furaha. Nimeyasikia mara nyingi na sitayazoea. Mama anayepanda kilima cha Kadutu na bidoni la maji mgongoni kwa sababu bomba limekauka hana furaha, amechoka. Na Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafungwa, sikuona jirani aliyefurahia kukosa mshahara. Shida haifai kusifiwa.

Hata hivyo, kungoja vita viishe ndipo tufurahi nako kunatumaliza. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1996, vita vya kwanza vilipotufikia, leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Kama angeapa kufurahi siku amani itakaporudi, ujana wake wote ungepita bure.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jambo hili nimelielewa vizuri zaidi kwa kutazama mtaa wa Panzi, hapa Bukavu. Huko ndiko Daktari Denis Mukwege alikoanzisha hospitali mwaka 1999, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Na huko Panzi kuna Mji wa Furaha, makao yaliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake waliobakwa vitani. Wanaishi pamoja miezi sita. Jina lake huwashangaza wengi: furaha, kwa watu walioumizwa kiasi hicho? Lakini wazo la makao hayo lilitoka kwa wanawake wa Kongo wenyewe. Humo wanafundishwa kusoma na kuandika, kulima, kujilinda, kujua haki zao. Wanasimuliana yaliyowapata, na wanacheza. Kucheza si zawadi ya mwisho, baada ya kupona. Wanacheza wakiwa bado na majeraha, na kucheza kwenyewe ni dawa mojawapo.

Wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo, nao wanalijua jambo hili. Jioni wanaingia Ziwa Kivu kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba. Mgeni atadhani ni starehe. Wimbo ndio unaofanya makasia yaingie majini kwa pamoja. Asiyeimba anawachelewesha wenzake. Asubuhi, sambaza wakishakaangwa na kuwekwa kando ya bugali, nakula nikiwakumbuka wale waliokesha.

Nami nina likelemba yangu, ya akina mama wa avenyu yetu. Kila mmoja anatoa kiasi tulichopatana, mmoja anapokea fedha zote, kisha zamu inahamia kwa mwingine. Benki zilipofungwa, fedha hizo ndizo zilizonunua unga na dawa. Lakini faida yake kubwa haimo kwenye daftari. Siku moja mwenzetu mmoja hakuonekana. Hatukupiga simu, tulikwenda. Tulimkuta amejilaza, mume mgonjwa, jiko limezimika. Mmoja akawasha makaa, mwingine akafua, yaya mkubwa kuliko sote akaanza hadithi za ujana wake mpaka mgonjwa mwenyewe akacheka. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi kuliko siku niliyopokea fedha.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wamekuwa wakifuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, kutoka ujana hadi uzee. Wameona kwamba kinachowasaidia watu kuwa na afya na furaha uzeeni, kuliko mali au sifa, ni uhusiano mwema na wengine. Nafurahi wamelipima jambo hilo. Akina mama wa Kadutu wangewaambia hivyo bila malipo.

Basi tuendelee kudai maji, mishahara na amani, kwa sauti, kwa kuwa ni haki yetu. Na wewe msomaji, kama kuna mtu wa avenyu yako ambaye hajaonekana wiki hii, usimtumie ujumbe. Nenda kwake leo, kabla giza halijaingia.