Ushindani wa Maduka na Bei ya Kikapu cha Nyumbani

Yanapotajwa mashindano katika biashara ya vyakula, wengi hufikiria supamaketi za mijini. Hapa nchini maduka hayo yamepita katika misukosuko mingi. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake nchini mwaka 2015. Na Nakumatt yenyewe ililemewa na madeni mwaka 2017. Wakati huo wote, Watanzania walio wengi waliendelea kununua mahitaji yao sokoni, gulioni na katika duka la jirani. Kwa mkazi wa Kilangali, ushindani unaomgusa ni ule uliopo kati ya maduka ya kijijini, gulio, na maduka ya jumla ya Kilosa na Mikumi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Tuchukulie kilo moja ya sukari inauzwa shilingi 3,000 na robo kilo shilingi 800. Anayenunua robo nne kwa siku nne hulipa shilingi 3,200. Mafuta ya kula ya kupimiwa huzidi zaidi: kipimo cha mililita 50 kikiuzwa shilingi 300, lita nzima imenunuliwa kwa shilingi 6,000, hata kama dukani humo lita inauzwa 5,000. Hatusemi kwamba kununua kidogo kidogo ni uzembe. Anayepata kipato cha kutwa hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini majirani wawili wakichanga na kugawana lita moja, tofauti hiyo hubaki kwao.

Bei nafuu ya mbali nayo ihesabiwe pamoja na nauli. Ukiokoa shilingi 300 kwa kila kilo, na bodaboda ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, safari hailipi mpaka ununue kilo 14.

Kinachodhoofisha ushindani vijijini kuliko umbali ni daftari la madeni. Mlaji anayedaiwa na duka moja huona haya kupita mbele yake akiwa na mfuko kutoka duka jingine. Hivyo hununua hapo hapo kwa bei anayotajiwa. Katika maeneo ya mpunga kama Kilangali, tatizo huwa kubwa zaidi pale deni linapoandikwa kwa magunia. Anayekopa unga na sukari kabla ya mavuno, kwa ahadi ya gunia moja la mpunga, ameuza mazao yake kwa bei asiyoijua. Ni vyema deni liandikwe kwa shilingi, bei ya mkopo iulizwe kabla ya kuchukua bidhaa, na mkopaji awe na daftari lake mwenyewe. Mwenye duka mwaminifu hatachukizwa na hilo, kwani naye pia humwepusha na ugomvi.

Je, maduka yote yakiuza kwa bei moja, ni njama? Si lazima. Huenda yananunua kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla na kulipa gharama zilezile za usafiri. Inapokuwa tofauti ni pale wenye maduka wanapokaa na kukubaliana bei, au kumtenga mwenzao anayeuza kwa bei ya chini. Makubaliano ya namna hiyo yamekatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Bei ikipanda siku moja katika maduka yote, ilhali bei ya jumla haijapanda, na muuzaji akakuambia "tumekubaliana", andika tarehe, bidhaa, bei ya zamani na bei mpya, kisha uwasilishe taarifa hiyo Tume ya Ushindani.

Malalamiko ya mizani hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo. Mizani iliyohakikiwa huwa na alama ya uhakiki, na mnunuzi ana haki ya kuomba kuiona. Wakala huo ndio pia unaoshughulikia lumbesa, ambayo humpunja mkulima yuleyule anaporudi sokoni akiwa muuzaji.

Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimnyimi mlaji haki yake endapo bidhaa ni mbovu. Dai risiti, uitunze, na urudishe unga uliooza ukiwa bado ndani ya mfuko wake.